Je, Kunyoosha Mgongo Kunaponya Presha?

Ndugu msomaji, naomba nianze na mama mmoja niliyemfahamu kwa miaka mingi kwenye kliniki yetu ya presha. Ni mtu mzima kuliko mimi, na kila alipofika nilimwamkia shikamoo kabla sijamfunga mkono kumpima. Kadi yake ilikuwa ya mfano: hakukosa tarehe, hakukosa vidonge. Halafu akapotea. Miezi minne hatukumwona. Siku aliyorudi aliletwa na wanawe kwa bajaji, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki, na mashine ikasoma 210 juu ya 120.

Binti yake alinieleza huku analia. "Sista, mama aliacha vidonge. Kuna mtu mjini ananyoosha migongo. Alisema presha ya mama inatoka shingoni, pingili imehama ikaibana neva inayotuliza moyo. Alimpima, akamnyoosha, akampima tena, na presha ikawa imeshuka mbele ya macho yetu. Tungekataaje?"

Swali hilo halijanitoka kichwani. Wale watoto hawakuwa wajinga, na hawakumpuuza mama yao. Waliona kwa macho yao. Kwa hiyo sitaki kuandika hapa kwamba waliona uongo. Nataka kueleza walichokiona ni nini, kinafika wapi, na kinaishia wapi. Maana wanyooshaji wa migongo wameongezeka mijini na vijijini, na familia zetu nyingi zinawaendea kwa presha, pumu, vidonda vya tumbo, hata mtoto mchanga anayelia usiku.

MWILI UNAOJIENDESHA

Mwili wetu una kazi za namna mbili. Ziko tunazoziamuru: kuinua jembe, kutafuna, kugeuza shingo. Ziko nyingine zinazoendelea bila kutuuliza: moyo kupiga, chakula kusagwa, jasho kutoka, mboni ya jicho kupanuka gizani na kupungua juani, mishipa ya damu kukaza na kulegea. Kazi hizi za pili zinasimamiwa na neva ambazo wataalamu huziita mfumo wa neva unaojiendesha. Aliyeupa mfumo huo jina lake, mwaka 1898, ni mwanasayansi wa Cambridge, Uingereza, John Newport Langley.

Mfumo huu una pande mbili. Upande wa kwanza huitwa simpathetiki, nao ni kama kanyagio la mafuta kwenye gari. Ukikutana na nyoka njiani, upande huu ndio unaofanya moyo udunde, viganja vilowe, mdomo ukauke na presha ipande, ili uweze kukimbia au kupigana. Upande wa pili huitwa parasimpathetiki, nao ni kama breki. Umeshiba, umekaa kivulini, huna haraka: hapo moyo unapiga polepole na tumbo linafanya kazi yake. Pande zote mbili zinafanya kazi usiku na mchana, mmoja ukizidi pale mwingine unapopungua.

Sasa mgongo unaingiaje? Neva za simpathetiki zinaanzia kwenye ugwe wa mgongo, yaani ule uzi mnene wa fahamu unaopita ndani ya pingili. Zinatoka kuanzia usawa wa pingili ya kwanza ya kifua hadi karibu na pingili ya pili ya kiuno, kisha zinajipanga kama shanga pande zote mbili za mgongo. Kwa hiyo ni kweli kwamba mgongo na moyo, mgongo na jasho, mgongo na tumbo, vina mawasiliano. Anayesema hivyo hajadanganya.

Lakini neva za parasimpathetiki, zile za breki, hazitoki hapo. Chache zinatoka chini kabisa, kwenye mfupa wa nyuma ya nyonga. Nyingi zinatoka kwenye ubongo wenyewe. Kubwa kuliko zote huitwa vagasi. Inatoka kwenye tundu lililo chini ya fuvu, inateremka shingoni ikiambatana na mshipa mkubwa wa damu, hadi moyoni, mapafuni na tumboni. Haipiti kati ya pingili za shingo. Basi mtu akikuambia kwamba neva inayotuliza moyo imebanwa kati ya pingili mbili za shingo, jua kwamba maumbile yenyewe ya mwili hayakubaliani naye.

WAZO HILI LILIKOTOKA

Wengine hudhani haya ni mambo ya waganga wetu wa kienyeji tu. Sivyo. Wazo la kuponya magonjwa ya ndani kwa kunyoosha mgongo lilienezwa sana kutoka Marekani. Mwaka 1864 daktari mmoja wa jimbo la Kansas, Andrew Taylor Still, alifiwa na watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo. Dawa za wakati ule hazikumsaidia kitu. Miaka 10 baadaye, mwaka 1874, akatangaza njia yake mwenyewe ya kutibu kwa mikono, ambayo ndiyo osteopathia.

Halafu mwaka 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Daniel David Palmer alimsukuma mgongo mfanya usafi wa jengo lake, Harvey Lillard, aliyekuwa na uziwi wa miaka mingi. Palmer akatangaza kwamba masikio yamefunguka. Hapo ndipo ilipozaliwa kairopraktiki, na Palmer akawa anafundisha kwamba karibu magonjwa yote yanatokana na pingili zilizohama. Lakini neva ya kusikia inatoka kwenye ubongo na kwenda sikioni ndani kwa ndani ya fuvu. Haishuki mgongoni hata kidogo.

Simcheki Still wala simcheki Palmer. Mtu aliyezika watoto watatu ana haki ya kutafuta njia nyingine. Lakini tangu siku zao imepita zaidi ya miaka 100, na leo tuna vipimo ambavyo wao hawakuwa navyo. Tuviangalie.

VIPIMO VINASEMAJE

Watafiti hupima mfumo huu kwa njia kadhaa. Wanapima umeme mdogo unaopita kwenye ngozi, maana ngozi yenye jasho hupitisha umeme zaidi. Wanapima joto la ngozi, presha, mapigo ya moyo, na jinsi nafasi kati ya pigo na pigo inavyobadilika. Wagonjwa wengine wanatibiwa kweli na wengine wanapewa matibabu ya kuigiza, bila wao kujua ni yapi, ili ionekane kinacholetwa na tiba yenyewe na kinacholetwa na matumaini.

Mwaka 2019 tafiti za namna hiyo zilikusanywa na kuchambuliwa pamoja. Kilichoonekana ni hiki: pingili zikisukumwa polepole kwa kurudiarudia, jasho la ngozi huongezeka kidogo papo hapo. Maana yake ni kwamba neva za simpathetiki zimeamka. Tazama jambo hilo vizuri, ndugu msomaji. Tulidhani mikono ile inakanyaga breki, kumbe inagusa kanyagio la mafuta! Na ule mnyoosho wa ghafla unaolia "ko!" haukuonyesha badiliko la kutegemewa. Vipimo vya moyo navyo havikukubaliana, huu unasema hivi na ule unasema vile. Tena karibu vyote vilichukuliwa papo hapo, mgonjwa akiwa bado hapo kitandani. Badiliko la papo hapo haliwezi kuitwa uponyaji wa ugonjwa wa miaka.

Na ule mlio wenyewe? Watu wengi wanauamini kuliko kitu kingine: "Nilisikia mfupa unarudi mahali pake." Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walipiga picha za MRI za viungo vya vidole vikilizwa. Waliona kwamba mlio unatokea pale nafasi yenye gesi inapofunguka ghafla ndani ya maji ya kiungo. Hakuna mfupa uliokuwa umehama, na hakuna uliorudi.

Tuje kwenye magonjwa yenyewe. Mwaka 1998 ulitangazwa utafiti wa Kanada juu ya watoto wenye pumu waliofuatiliwa kwa miezi 4. Wote waliendelea na dawa zao. Wengine walinyooshwa mgongo kweli, wengine kwa kuigiza. Hapakuwa na tofauti. Mwaka 2001 huko Norwei walichunguzwa watoto wachanga 86 wanaolia sana kwa tumbo. Walionyooshwa walipata nafuu, na wasionyooshwa walipata nafuu pia, karibu sawasawa. Kila mama aliyelea anajua sababu: mtoto akifikisha miezi mitatu au minne, kilio hicho hupungua chenyewe.

Kuhusu presha, mwaka 2007 ulitolewa utafiti wa Chicago wa watu 50. Walionyooshwa pingili ya juu kabisa ya shingo walionekana presha imeshuka sana baada ya wiki 8. Habari hizo zilienea, na wanyooshaji wengi wanazitaja hadi leo. Lakini watu 50 ni wachache mno. Mvua moja haioteshi mahindi. Mwaka 2019 watafiti wa nchi kadhaa, wakiwemo watu wa fani hiyo hiyo ya kairopraktiki, walikutana Toronto kupima tafiti zilizokuwepo, na majibu yao yakachapishwa mwaka 2021. Tafiti bora walizozipata hazikuonyesha kwamba kunyoosha mgongo kunaponya presha, wala pumu ya watoto, wala kilio cha tumbo cha wachanga, wala maumivu ya hedhi, wala kipandauso.

BASI KWA NINI PRESHA ILISHUKA?

Sasa nijibu swali la yule binti. Mama yake alifika kwa mtu yule akiwa ametoka juani, amepanda ngazi, ana wasiwasi. Akapimwa hapo hapo, na presha ikawa juu. Kisha akalazwa kitandani nusu saa. Akasemeshwa kwa upole. Mikono yenye joto ikamkanda mabega. Akapumua polepole. Halafu akapimwa tena.

Presha ya mtu yeyote ingeshuka! Hata angelala mkekani bila kuguswa na mtu, ingeshuka. Ndiyo maana sisi wauguzi tunafundishwa kumpumzisha mgonjwa kwa dakika 5 akiwa amekaa, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, ndipo tumpime. Mnyooshaji alipima haraka ya safari, kisha akapima utulivu wa kulala. Katikati akaweka mikono yake, na mikono ikapewa sifa yote.

Walichoona watoto wale kilikuwa kweli. Lakini kilikuwa kweli ya nusu saa. Mama alipofika nyumbani na kuanza kuota moto wa jikoni, presha ilirudi ilikokuwa. Haikupiga kelele wala haikuuma, maana presha ndivyo ilivyo. Na safari hii haikukuta kidonge cha kuizuia.

PALE MIKONO INAPOFAA

Nisieleweke kwamba nakataa mikono. Kwa maumivu ya mgongo yenyewe, mikono ina nafasi. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno. Mwezi Desemba 2023 likatoa mwongozo kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu yasiyo na ugonjwa mwingine nyuma yake. Ndani yake yamo mazoezi, elimu ya kujitunza, kuchuliwa, na pia kunyooshwa mgongo na mtu aliyefunzwa. Mikanda ya kiuno na kuvutwa kwa uzito havikupendekezwa.

Kwa hiyo mkulima aliyeinama shambani msimu mzima, mama anayebeba ndoo, fundi seremala, dereva wa lori: hawa wakienda kwa mtaalamu wa fiziotherapia wakachuliwa na kufundishwa mazoezi, hawajapoteza fedha. Na wakitoka pale wanajisikia wepesi, wamelala vizuri, roho imetulia, sisemi wanajidanganya. Maumivu yakipungua na mwili hupumzika. Ninachokataa ni kuchukua wepesi huo na kuuita tiba ya presha, ya sukari au ya pumu.

PALE MIKONO INAPOHARIBU

Wa kwanza ninaowaogopea ni wenye kifua kikuu cha mgongo. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Kinaweza kula pingili kama mchwa anavyokula nguzo: nje inaonekana imesimama, ndani imekwisha. Nilimpokea mtoto wa miaka 9 aliyelalamika mgongo kwa miezi kadhaa. Alikuwa amekandwa na kunyooshwa mara tatu. Alipotufikia, kibyongo kilikuwa kimeanza na miguu haikuwa na nguvu. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini, na ugonjwa huu unatibika. Lakini pingili iliyoliwa ukiisukuma kwa nguvu inaweza kuvunjika na kuubonyeza ugwe wa mgongo.

Wa pili ni wazee ambao mifupa imepungua nguvu, na wenye saratani, hasa ya matiti au ya tezi dume, ambazo hupenda kuhamia kwenye pingili.

Wa tatu ni yeyote anayezungushwa shingo kwa ghafla. Siku hizi hata kinyozi akimaliza kunyoa anakushika kidevu na kisogo, anazungusha, "ko!", na wewe unalipa unaondoka. Ndani ya pingili za shingo kuna matundu, na katika matundu hayo inapita mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo. Mzunguko wa ghafla unaweza kuchana ukuta wa ndani wa mshipa, damu ikaganda, na mtu, hata kijana, akapooza. Ajali hiyo si ya kila siku, lakini ikitokea hairudishwi. Baada ya shingo kuzungushwa, ukiona maumivu makali mapya ya shingo au kichwa, kizunguzungu, kuona viwili viwili, ulimi mzito au kuyumba, nenda hospitali saa ile ile. Angalia pia macho. Kope moja ikilegea na mboni ya jicho hilo ikawa ndogo kuliko ya pili, huenda zimeumia zile neva za simpathetiki zinazopanda kichwani pamoja na mshipa wa damu.

Na kama mnataka kujua mgongo unavyoweza kuivuruga presha kwelikweli, waulizeni wanaouguza mtu aliyevunjika uti wa mgongo. Tulikuwa na kijana aliyeanguka kutoka juu ya mwembe akaumia shingo. Usiku mmoja akaanza kulia kichwa kinapasuka. Uso mwekundu, jasho linamtiririka usoni, presha inapanda kila tukipima. Nilifunua shuka nikaona mpira wa mkojo umejikunja chini ya paja. Kibofu kilikuwa kimejaa hadi juu. Nikaunyoosha mpira, mkojo ukatoka, na baada ya muda mfupi presha ikashuka.

Hilo huwapata walioumia ugwe wa mgongo usawa wa pingili ya sita ya kifua au juu zaidi. Kibofu kinapojaa, neva za simpathetiki chini ya jeraha zinawaka, na ubongo hauwezi kuzizima kwa sababu njia imekatika. Familia inayomtunza mtu kama huyo nyumbani ikumbuke: mwinue akae wima, legeza nguo na mkanda, angalia mpira wa mkojo, angalia kama amefunga choo, na kama haipungui mpeleke hospitali upesi. Hapo mgongo na presha vimeshikana kweli. Lakini kilichompata ni jeraha la ugwe wenyewe, si pingili iliyosogea kidogo ikangoja mtu wa kuisukuma.

KOSA LETU SISI WA HOSPITALI

Ningekuwa sijasema kweli kama ningewalaumu wanyooshaji peke yao. Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, tulifundishwa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili na kumhudumia mgongo. Kila jioni ulipita wodini kitanda kwa kitanda. Ulimgusa kila mmoja. Wakati unamsafisha mgongo ndipo alipokuambia kilichomsibu: kwamba halali, kwamba mwanawe haandiki, kwamba dawa zinampa kizunguzungu na ameanza kuziruka.

Leo mgonjwa wa presha anapanga foleni toka alfajiri. Anafungwa mkono, anasomewa namba, anapewa karatasi, anapelekwa dirisha la dawa. Dakika tatu. Hakuna aliyemgusa zaidi ya ule mkanda wa mashine. Nilimuuliza yule mama, alipoweza kusema tena, kwa nini alimwamini mtu yule kuliko sisi. Alinijibu taratibu, "Mwanangu, yule alinisikiliza. Alinishika."

Nilinyamaza. Sikuwa na la kujibu.

Ndiyo maana nasema, wauguzi wenzangu, tukitaka watu wasiache vidonge tusiishie kuwakemea. Tuwape dakika chache zaidi, tuwaulize kidonge kinawafanyaje, tuwashike mkono. Hakuna utafiti unaohitajika kuthibitisha kwamba mtu anapenda kuguswa kama mtu.

MASHAURI YANGU

1. Usiache wala kupunguza dawa ya presha, sukari, pumu au kifafa kwa sababu umenyooshwa mgongo na kujisikia vizuri. Kama dawa inakusumbua, rudi useme. Zipo nyingine.

2. Ukitaka kujua kama presha imeshuka kweli, pima asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, ukiwa umepumzika dakika 5. Namba moja baada ya kukandwa haikuambii kitu.

3. Maumivu ya mgongo yanayokuamsha usiku, yenye homa, jasho la usiku, kukonda au kikohozi, yapimwe hospitali kabla mkono wa mtu haujayagusa. Kwa mtoto, mgongo unaouma wiki baada ya wiki hospitali iwe kwanza.

4. Ukishindwa kukojoa, au mkojo na choo vikitoka bila habari, au ganzi ikaingia sehemu unayokalia, au miguu ikaishiwa nguvu, usingoje kesho. Neva zinabanwa kweli, na hapo anahitajika daktari, si mkandaji.

5. Usimruhusu mtu yeyote kukuzungusha shingo kwa ghafla. Na mtoto mchanga asinyooshwe shingo wala mgongo kwa sababu analia. Mbebe, mcheulishe, mpe titi. Akiwa na homa, akitapika au akikataa kunyonya, mlete.

6. Kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, tembea, fanya kazi nyepesi, fanya mazoezi uliyofundishwa. Kuchuliwa ni ruhusa. Mwambie anayekuchua magonjwa uliyo nayo, na akikuambia uache dawa, vaa viatu vyako uondoke.

Yule mama anaishi. Anatembea kwa mkongojo, na mkono wa kulia umeanza kushika kikombe. Kila jioni binti yake anamkanda mabega na mgongo kwa mafuta ya nazi, na mama anasema hapo ndipo anapopata usingizi. Sijawakataza. Nilimwomba binti jambo moja tu: kabla hajafungua chupa ya mafuta, afungue kwanza kopo la vidonge.